Maneno ya Shangazi Kwenye Kompyuta Kuukuu

Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa wa serikali kwa miaka mingi. Alipostaafu alikodi fremu ndogo ya duka Bagamoyo mjini, akaweka kompyuta moja, printa moja na mashine ya kutoa kopi. Watu walimletea barua za kuomba kazi, hati za mauziano ya mashamba, kadi za harusi, na ripoti za wanafunzi wa uvuvi kutoka chuo cha Mbegani. Alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi. Ukimpelekea barua yenye Kiswahili kibovu, alikuuliza kwa adabu kama unaridhia airekebishe. Wengi waliridhia, na baadhi walianza kuja kwa ajili ya hilo tu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Aliichukua Kariakoo, imekwisha kutumika ofisini kwa watu huko ng'ambo, na ilipofika kwake ilikuwa tayari ina feni inayokoroma. Kuiwasha asubuhi ilikuwa kazi ya kumfunza mtu subira. Alikuwa akibonyeza kitufe, anafagia duka, anapangusa meza, anamwagia maji ua la kopo lililokuwa mlangoni, ndipo anarudi kuikuta imeamka.

Mimi nilikuwa nafundisha hisabati sekondari moja njia ya Msata, na Jumamosi nilikuwa nashuka mjini kumsalimia. Jumamosi moja nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono ameiweka mapajani, hachapi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha kona ya chini ya skrini. Picha ya maua aliyoizoea ilikuwa imegeuka weusi mtupu, na pale kwenye kona pana maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba nakala ya mfumo ule si halisi.

"Si halisi vipi?" aliniuliza.

Nikamweleza kuwa mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote, huuzwa kwa leseni, na kwamba aliyemuuzia mashine alimwekea nakala isiyolipiwa. Ili kumpoza nikaongeza kuwa nusu ya mji wanatumia hivyo hivyo. Hakupoa.

"Kwa hiyo hati zote hizi za watu nimezichapa kwa kitu cha wizi," alisema.

Alikuwa amekwisha kumwita fundi mmoja wa mjini. Fundi alimpa njia mbili: amwondolee yale maneno kwa ujanja, au anunue mashine mpya, kwani hii ni kuukuu mno kubeba mfumo mpya wa kulipia. Njia ya kwanza aliikataa palepale. Ya pili hakuwa na uwezo nayo. Nikakumbuka kwamba chuoni tulifundishwa kidogo habari za mifumo ya bure, ile jamii iitwayo Linux, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa mwenziwe, hata kuifungua ndani na kuibadili. Nilimwambia. Akataka kujua wanaoitengeneza wanapata nini. Nikasema wengine wanalipwa na kampuni zinazoitegemea, wengine wanajitolea tu. Akafikiri kidogo.

"Basi ni kama wakfu," akasema. "Iletee hapa tuione."

Nilipakua mifumo mitatu kwa intaneti ya rafiki yangu aliyekuwa na ofisi Dar es Salaam, nikaitia kwenye flashi tatu, na Jumamosi iliyofuata nikawa dukani mapema. Uzuri wa mifumo hii ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa chochote kilichomo kwenye kompyuta. Shangazi aliniuliza jambo hilo mara mbili, na hata niliposema nina hakika, alitaka kwanza tunakili kazi zake zote kwenye diski ya nje, kisha tuzinakili tena kwenye diski ya pili. Aliniambia kuwa zamani kwenye taipureta hakuwahi kuchapa barua ya maana bila karatasi mbili za kaboni chini yake. Niliona anapoteza muda wetu, lakini nilifanya.

Mfumo wa kwanza ulikuwa mzuri wa kutazama, ila mzito. Feni ilivuma mpaka jirani wa duka la vitambaa akachungulia kuuliza kama kuna heri. Wa pili ulikuwa mwepesi kweli, ukafunguka kabla sijakaa sawasawa, lakini printa haukuitambua, na duka la kuchapa bila printa si duka. Nilihangaika nao saa nzima huku nikisoma maelezo kwenye simu. Shangazi hakuniharakisha. Alikuwa na daftari mkononi, anaandika kila kinachotokea: huu umewaka upesi, huu haujui printa, huu maandishi yake madogo. Nilishangaa kumwona, katika umri ule, anajaribu vitu vipya kwa utaratibu zaidi kuliko mimi niliyesomea.

Wa tatu ulichukua muda wa kadiri kuwaka. Nikachomeka waya wa printa, na kabla sijatafuta chochote likatokea dirisha dogo kusema printa iko tayari. Shangazi akaandika Bismillahi kwenye ukurasa mtupu, akaamuru ichapwe. Karatasi ikatoka. Aliishika ikiwa bado ina joto, akaitazama mbele na nyuma, akasema huu ndio tuuweke.

Tulikuwa katikati ya kuuweka umeme ulipokatika. Skrini ikazimika, feni ikanyamaza, nami nilijua mfumo wa zamani umekwisha kufutwa na mpya haujakamilika. Kwa wakati ule kompyuta ya shangazi haikuwa na kitu ndani. Nikaanza kujilaumu kwa sauti. Yeye akaniambia kazi zake ziko kwenye diski mbili, basi hakuna aliyekufa, na adhuhuri imeingia. Akaenda kuswali. Aliporudi tulikula wali na samaki wa kupaka aliokuwa amekuja nao kwenye hotipoti, tukazungumza habari za nyumbani. Umeme ulirudi alasiri, tukaanza upya. Kufikia saa kumi na moja kompyuta ile, ambayo fundi aliihesabu kuwa imekwisha, ilikuwa inawaka kwa muda wa mtu kuvua viatu na kuketi.

Sitasema mambo yote yalinyooka. Baadhi ya aina za herufi hazikuwemo, na kazi za zamani zilipofunguliwa mistari ilihama. Mwanafunzi mmoja wa Mbegani alikuta vichwa vya habari vya ripoti yake vimeshuka kurasa za chini, akalalamika, na haki ilikuwa yake. Shangazi aliipanga ripoti ile upya tangu mwanzo bila kumtoza, kisha akaniagiza nimtafutie aina za herufi zinazokaribiana na zile. Ilimchukua kama mwezi kuzoea. Mwezi huo nilikuwa napokea simu zake karibu kila siku, na kila simu aliianza kwa kuniuliza hali, kazi, na wanafunzi wangu, ndipo aseme kilichomsibu.

Ndipo siku moja akaniuliza kama mfumo ule unajua Kiswahili. Nilikwenda kwenye mipangilio, nikachagua Kiswahili, nikaiwasha kompyuta upya. Menyu zikageuka. Kuna palipotafsiriwa vizuri, kuna palipobaki Kiingereza, na kuna palipotafsiriwa vibaya. Shangazi alivaa miwani, akasoma kila menyu kuanzia juu hadi chini kama anayesahihisha barua ya mteja. Alifurahi sana kukuta "Ghairi" mahali pa kuacha jambo ulilokwisha kulianza. Akasema aliyeliweka neno hilo anajua lugha. Kisha akafika mahali pa kufunga programu iliyogoma, pameandikwa "Ua", kama mtu anayeamriwa kuua. Chini zaidi, pa kumaliza kazi na kufunga akaunti yako, pameandikwa "Toka Nje".

"Mteja akimaliza shughuli yake hapa dukani, nimwambie toka nje?" aliniuliza.

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikasema ni watu tu, wa popote, waliojitolea. Akauliza kama nao wanaweza kuandikiwa. Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta, nami sikuwa najua, nikagundua kuna ukurasa kwenye mtandao ambao mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kupendekeza tafsiri, na wengine wakazipitia. Nilikuwa nimetumia kompyuta tangu chuo, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba neno lililoko kwenye kitufe limeandikwa na mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kuambiwa.

Shangazi alijiandikisha. Kwa wiki kadhaa, wateja wakipungua mchana, alikuwa anafungua ukurasa ule na kupita neno baada ya neno. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, cha faili na majalada, kwa hiyo maneno ya kitaalamu alikuwa ananiuliza mimi yana kazi gani hasa. Hakutaka nimtafsirie. Alitaka nimweleze kitufe kinafanya nini, halafu neno alitafute mwenyewe. Kwa "Ua" alipendekeza "Simamisha". Kwa "Toka Nje" alipendekeza "Aga", kwa sababu muungwana akiondoka huaga.

Majibu yalikuja baada ya kitambo. Aliyekuwa anapitia maneno ya Kiswahili alikuwa mwalimu kama mimi, yuko Kenya, na aliandika kwa heshima. "Simamisha" alilipokea kwa shukrani. "Aga" alilikataa, akatoa sababu: mtu anaweza kuaga na bado akaendelea kukaa, wakati kitufe kile kinamtoa mtu mara moja, na mtumiaji lazima ajue kitakachomtokea. Akauliza kama "Ondoka" halitafaa.

Nilidhani shangazi ataudhika. Nilikuwa tayari kumtetea, hata nikamwambia kwamba mfumo huu unaruhusu kubadilishwa, hivyo naweza kumwekea "Aga" kwenye kompyuta yake peke yake, wengine wabaki na lao. Alisoma jibu lile tena, akatabasamu.

"Amesema kweli. Sisi tunaaga saa tisa, tunaondoka magharibi," akasema. "Mwandikie nimekubali."

Kuhusu lile la kumwekea neno lake peke yake, alikataa. Alikuwa na wasichana wawili waliokuwa wanajifunza kuchapa kwake, na hakutaka wakikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine waanze kutafuta kitufe ambacho hakipo. Mimi ningeshindana kwa wiki nzima kutetea neno langu.

Miezi ilipita. Siku toleo jipya la mfumo lilipofika nilikuwepo, nimekuja na laptop yangu kuichukulia kopi. Tulimaliza kuliweka, shangazi akafungua menyu, akaenda moja kwa moja pale anapopajua. Pakawa na "Simamisha". Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena. Aliniuliza kama liko hivyo hapa tu. Nikamwambia liko hivyo kwa kila aliyechagua Kiswahili, awe Lamu, awe Kigoma, awe popote. Kisha mteja akaingia na kitambulisho cha kutolewa kopi, naye akainuka kumhudumia.

Habari zake zilienea zenyewe. Watu walianza kumletea laptop kuukuu ambazo mafundi walizikataa, naye alikuwa anazijaribu kwa zile flashi tatu, moja baada ya nyingine, akiandika kwenye daftari ipi imekubali mfumo upi. Mwaka huu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi Mlingotini alisikia, akatuomba tukazitazame kompyuta sita zilizoletwa kama msaada zamani na kufungiwa stoo. Tulikwenda Jumamosi mimi na yeye. Tulizitoa vumbi na nyuzi za buibui, tukazipanga kwenye meza za darasa la tano. Mbili hazikuamka kabisa, tukatoa vipuri vyake tukazitia nguvu zilizobaki. Nne ziliwaka.

Mwalimu mkuu, mwanamume mwenye staha, alimuuliza shangazi anatoka kampuni gani, ili aandike barua ya shukrani. Shangazi alimjibu kwamba hana kampuni, na kwamba barua kama ipo iende kwa waliotengeneza, ila wako wengi naye hajui wote walipo. Mwalimu akadhani anafanya unyenyekevu, akamwangalia kana kwamba anasubiri jibu lenyewe. Mimi nikamweleza kuwa ndivyo ilivyo.

Wakati tunakunja nyaya, mwalimu wa darasa la nne, mama wa makamo ambaye alituambia hajapata kugusa kompyuta, alivuta kiti kwenye mojawapo ya zile nne. Shangazi akasimama nyuma yake, akamwonyesha mahali pa kuweka kila kidole. Yule mama aliandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi. Alipomaliza, shangazi akainama karibu na skrini, akamwambia taratibu kwamba jina la mtu huanza na herufi kubwa, na je, anaridhia alirekebishe.