Nilivyomhamishia Kamau Elgon View

Nilirudi Eldoret kutoka Uingereza na diploma ya usimamizi wa wafanyakazi, nikafungua ofisi ya kutafutia makampuni watu wa kazi. Sikusaidiwa na yeyote, na ninajivunia kusema hivyo. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi, Mama Jerono, meneja wa kiwanda cha mikate nilichokuwa nimeshakipelekea wafanyakazi kadhaa, alinipigia simu akitaka mwokaji wa zamu ya usiku. Nikamtajia Kamau, mwokaji hodari aliyekosa kazi tangu hoteli yao ichomwe.

"Anakaa wapi?" akauliza.

Nikashtuka. Siku hizo watu walitumia swali hilo kuuliza kabila bila kulitaja. Nikajiambia, huyu mama anachuja watu, lakini hawezi kunichezea mimi niliyesoma. Nikamjibu kwamba Kamau atamweleza mwenyewe, kisha nikamfundisha Kamau aseme anakaa Elgon View, kwa matajiri, ambako hakuna ambaye angemchunguza zaidi.

Kwenye mahojiano, Mama Jerono alimtazama viatu. "Elgon View? Hata mimi nakaa huko. Uko karibu na nani?"

Kamau akanigeukia mimi niliyekaa kando yake.

"Basi pole. Gari letu la kurudisha watu wa usiku linaenda Kiplombe tu. Ndiyo maana huwa nauliza."

"Lakini mama, mimi nakaa Kiplombe," Kamau akasema, akininyooshea kidole. "Ni huyu aliniambia niseme Elgon View."

"Wewe utaanza Jumatatu," Mama Jerono akamwambia, kisha akanigeukia. "Na wale wengine uliotuletea, uliwafundisha kusema nini?"