Maua ya Pareto Niliyosingiziwa

Juzi nilipanda mlimani Timau, nikakuta shamba la pareto limejaa maua meupe. Nikamwambia mwenye shamba kwamba kwetu Isiolo pareto ilikataa kabisa kuchanua. Akacheka. "Mama, pareto bila baridi haitoi ua. Huko kwenu itakupa majani tu."

Hasira ya utotoni ikanipanda palepale.

Mjomba Jillo ndiye aliyeleta ile miche kwa lori lake, ndani ya gunia bichi lililonuka udongo wa mlimani. Alitaka maua ya kuua viroboto wa mbuzi. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, kila siku baada ya alasiri, mbuzi wakilia zizini. Majani yakanona, ua hakuna. Siku moja akainama, akapekua, akaniita mbele ya watu.

"Halima, nani anachuma maua yangu?"

"Sijaona ua, mjomba."

"Mwizi, tena mwongo!"

Akanichapa na fimbo ya ng'ombe. Nililia mpaka nikaanza kujishuku: labda nachuma nikiwa usingizini. Nikanusa vidole. Vilinuka pareto, nikaamini.

Nisimwonee mzee wa watu. Hakujua, na siku nyingine nilimwaga maji ya sabuni pale, sikatai. Lakini kuchapwa kwa ajili ya maua ambayo hayakuwahi kuwepo!

Jana nilienda kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanikazia macho.

"Hayo ya baridi nimesikia, Halima. Sasa sema ukweli. Maua uliyapeleka wapi?"