Folda ya Mama

Mama alipozikwa kule mlimani, mjomba aliagiza vitu vyote vya marehemu viingizwe chumbani mwake: kanga, jembe, tenga la karoti. Visiguswe mpaka siku ya kuanua tanga, msiba utakapokwisha. Kwetu Uluguru mjomba akisema, basi, imesemwa.

Niliporudi mjini, nyumbani Msamvu, sikutaka kanga wala jembe. Nilitaka sauti. Mdogo wangu wa kiume, fundi kompyuta, alikuwa amemrekodi mama mara kadhaa na kuziweka rekodi kwenye folda aliyoiita "mama", kwenye kompyuta tunayotumia wote. Nikafungua. Folda haipo. Nikampigia simu.

"Umefuta sauti ya mama?"

"Sijafuta, dada. Mjomba si alisema vitu vya mama viwekwe kando? Nimeificha."

Nani mwingine duniani angeingiza matanga kwenye kompyuta!

Akanieleza. Kompyuta yetu inatumia Linux, na huko jina la faili au folda likianza na nukta, haionekani kwenye orodha ya kawaida. Haijafungwa wala haijahamishwa. Ipo palepale.

"Bila neno la siri?"

"Bila. Andika amri ya ls -a utaiona. Nukta ni pazia tu la mlangoni, dada. Anayetaka kuingia anaingia."

Niliandika. Ikatokea nukta moja peke yake, ambayo ni folda uliyomo, kisha nukta mbili, ambazo ni folda mzazi, ile iliyoibeba hiyo. Chini yake: .mama. Nikaikodolea macho. Ningeifungua, nani angejua? Lakini pazia la mama sijawahi kulifunua bila kupiga hodi. Kila nikitoka kazini niliandika ls -a, nikahakikisha ipo, nikafunga. Nilimkumbuka mama hadi chakula hakipiti.

Siku ya kuanua tanga, mdogo wangu alipanda mlimani na kompyuta. Mjomba akagawa kanga, mimi akanipa jembe. Kisha akaielekezea kompyuta kidole, akasema, "Na hicho kitu chenu, haya, kifungueni."

Mdogo wangu akaliandika jina upya bila nukta. Tukasikia kuku kwanza, maji yakimiminwa, halafu mama mwenyewe, na kicheko chake kilekile.

"Unarekodi nini tena? Zima hicho, mwanangu. Ukitaka kunisikia si uje? Mimi nipo."

Mjomba akainama. Nikabonyeza, ianze upya.