Ndege Sitini za Mahindi, na Mimi Peke Yangu

Shule yetu mjini Baraka, kando ya ziwa, ilipofungwa kwa sababu ya vita, mimi nilikuwa na ndege sitini. Thelathini zilikuwa punje nyekundu za mahindi, thelathini punje nyeupe, na anga lake lilikuwa mkeka wa mama, ule uliotoboka katikati. Nilikuwa nimefika mwaka wa tatu wa sekondari. Msichana mzima, anacheza na mahindi. Nimeliandika hilo kwanza ili aibu yake iishe mapema.

Mchezo alinifundisha yaya, kaka yangu mkubwa. Kanuni alizinakili kutoka gazeti la zamani la Kifaransa, akazigeuza Kiswahili ndani ya kaye yake, daftari la shule. Tulicheza wawili, yeye nyekundu, mimi nyeupe. Halafu mjomba akamvusha ziwa kwenda Kigoma ili asichukuliwe na watu wa bunduki, wa upande wowote ule. Akaniachia kaye, dadu moja, na adui asiye na mtu wa kumwongoza.

Sikucheza kwa kujifurahisha tu. Nilikuwa na shida ambayo sikumwambia mtu. Ndege ya kweli ikilia juu ya ziwa, miguu yangu ilikufa. Wengine walikimbilia shimo tulilochimba nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo. Mimi nilibaki mlangoni kama nguzo. Mara mbili mama alitoka shimoni kuja kunivuta. Mara ya pili bomu lilianguka kando ya njia ya Fizi na udongo ukatumwagikia mgongoni. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilijua mara ya tatu atarudi tena, na huenda asifike. Basi nikawaza hivi: nikipata kanuni zinazoweza kunishtua mimi mwenyewe, labda mwili utajifunza kushtuka bila kufa.

Kanuni za yaya zilitaka kila ndege iwe na ukurasa wake: iko juu kiasi gani, inakwenda mbio kiasi gani, imebaki na mafuta na risasi ngapi. Kwa ndege nne, mchezo ni mtamu sana. Kwa sitini nilianza baada ya chakula cha mchana, na jua lilipozama nilikuwa nimesogeza saba, na biki imekauka wino. Nikabadilisha. Ndege ziende tano tano, kiongozi akisogea wenzake wanamfuata, na kundi likipigwa, dadu iseme wangapi wameanguka. Hapo vita vikawa vikubwa kweli na vikaisha siku ile ile.

Lakini mawazo ya pande zote mbili bado yalikuwa kichwani mwangu. Nyekundu hazikunishtua hata mara moja. Nikaziacha ziongozwe na dadu peke yake: moja ni kulia, mbili ni kushoto, na kuendelea. Zikaruka kama walevi wa kasiksi, zikatoka mkekani, zikaishia kwenye masufuria.

Koko, mama wa mama yangu, alikuwa pembeni anachambua sombe, majani ya mihogo.

“We mutoto,” akasema, “unajipiga mwenyewe, unajishinda mwenyewe, na bado umenuna. Nani amekukosea?”

“Koko, niko natafuta kanuni.”

“Na zetu ni zipi? Nyekundu ao nyeupe?”

Waliokuwa wanatawala mji walikuwa waasi, na hatukuwapenda. Ndege zilikuja kuwapiga wao, kwa hiyo watu walisema ni zetu. Lakini mabomu zilimwaga juu yetu. Kama ni zetu, tunakimbia nini? Kama si zetu, mbona wengine walipiga makofi kwanza, ndipo wakakimbia?

“Sijui, Koko.”

“Basi hata mi sijui. Cheza tu.”

Mwishowe nikachagua kibuyu. Nilitia ndani maharagwe, ya njano mengi na meusi machache, na kila zamu nilichomoa moja bila kutazama. Likiwa la njano, nyekundu zinaendelea na safari yao. Likiwa jeusi, kundi jipya linatokea pale dadu itakaposema, ziwani au juu milimani upande wa Minembwe, na mimi lazima niondoe nyeupe zangu kabla sijahesabu mpaka tano. Nikichelewa, zimekufa. Wiki ya kwanza zilikufa nyingi. Mkono ulibaki hewani na punje katikati ya vidole. Baadaye, polepole, ukaanza kwenda wenyewe. Sikuelewa kama ni mimi ninayejifunza au ni mkono tu.

Ile ndege ya mara ya tatu ilikuja asubuhi, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zikiwa zimeanikwa mchangani. Kwetu kila mtu aliamini kwamba rubani akiona ndagala zinang'aa atadhani ni mabati ya kambi ya askari. Kwa hiyo kabla ya kukimbia, bamama walifunika samaki kwanza, kwa mikeka, kwa vitenge, kwa chochote. Ndege iko juu, na watu wazima wanawafunika samaki kama watoto waliolala. Mama naye alikuwa kule, anafunika zake.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikasikia mlio. Nikahesabu moja, mbili, na tatu ilinikuta ninakimbia! Nikapasua mihogo, nikatumbukia shimoni, nikamkuta Koko amekwisha kukaa. Nilijisikia mwepesi. Nilitaka kucheka.

Halafu nikainua kichwa nikamwona mama. Alikuwa amemaliza ndagala zake na alikimbia moja kwa moja mpaka mlangoni, mahali pangu, pale alipozoea kunikuta. Hakunikuta. Akaingia ndani. Akatoka. Akaingia tena. Nilisikia vitu vinaanguka, nikamsikia ananiita, na juu ya ziwa ndege ilikuwa inageuka kurudi. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Darasani pia ilikuwa hivyo hivyo, mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua kabisa. Katika kanuni zangu zote hakukuwa na mtu anayemtafuta mwenzake.

Aliyesimama ni Koko, wima, kichwa chote nje ya shimo.

“We mwanamuke! Mutoto wako iko huku! Amekushinda mbio! Kuja!”

Mama akaja, akatuangukia wote wawili. Ndege ikapita juu yetu, ikamwaga mabomu yake majini, mbali na mchanga. Kulipotulia, mama alinipiga kofi moja, halafu akanishika sikio na hakuliachia.

“Mi natafuta maiti yako ndani ya nyumba, na we umekaa huku unacheka?”

“Mama, nilikimbia.”

“Nimeona umekimbia!”

Sikujua niombe msamaha kwa kosa gani. Nilipobaki nimesimama, alirudi kwa ajili yangu. Nilipokimbia, alirudi pia. Yeye mwenyewe alinitazama kama mtu aliyepewa hesabu asiyoijua, akaachia sikio.

Mchana ule ule alinisimamisha katikati ya kiwanja.

“Sema: Nimefika.”

“Mama, watu watasikia.”

“Ndiyo nataka basikie. Siku ingine ukitangulia shimoni, mi nisikie kutoka kule kwa ndagala. Sema.”

“Nimefika.”

“Hiyo ni mbu.”

“Nimefika!”

“Hiyo ni mbuzi mugonjwa,” akasema Koko kutoka jikoni.

Nikafumba macho, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapiga kelele ambayo sikujua kama ninayo. Kuku wakatawanyika. Kutoka ng'ambo ya ua, jirani akajibu:

“Tumesikia! Umefika wapi?”

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kuingia shimoni bila ndege yoyote.

“Rudia,” akasema, anajipangusa macho kwa kitenge. Nikarudia.