Backup ya network "imelala", wakaiamsha: kilichonikuta kwenye zahanati tatu hapa Mwanza

Wakuu, amani iwe kwenu.

Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi wa network hapa Mwanza. Nina mteja, mama mmoja tunamwita Hajjat, ana zahanati tatu: Pasiansi, Butimba na Buhongwa. Server yenye mafaili ya wagonjwa iko Pasiansi. Kampuni ya mtandao imeziunganisha zote tatu, kiasi kwamba kompyuta za Buhongwa zinajiona zimo chumba kimoja na za Pasiansi.

Shida ni kwamba fibre ya Buhongwa, ile kebo ya mtandao inayopita ardhini, inakatwa kila barabara inapochimbwa. Na pale panachimbwa sana.

Hajjat akataka njia ya pili. Nikafunga redio mbili za kurusha mtandao hewani juu ya mapaa, moja Butimba na nyingine Buhongwa, zinatazamana. Kupata pa kutazamana bila jiwe katikati kwenye mji huu ni adhabu nyingine, tuiache.

Sasa sikilizeni vizuri.

Njia mbili zikifanya kazi kwa pamoja, ujumbe unatoka Butimba kwa fibre, unafika Buhongwa, unapanda redio, unarudi Butimba, unaingia tena kwenye fibre. Haufi. Unazunguka na kuzaana mpaka network nzima inakabwa. Hiyo ndiyo loop.

Ndiyo maana switch yangu ya Butimba, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote, inaifunga redio huku ikiichungulia fibre. Fibre ikifa, inaifungua. Yaani backup inalala kwa makusudi.

Hajjat hakuipenda hiyo habari hata kidogo. Akaniuliza kitu kizima, kipya, kinalalaje wakati kazi ipo. Nikaeleza. Akaitikia kwa kichwa.

Wakuu, mteja akiitikia kwa kichwa bila swali, ogopeni.

Jumatatu moja asubuhi napigiwa simu: zahanati zote tatu hakuna faili linalofunguka. Nikauliza swali la kila fundi, kuna aliyegusa kitu? Nikapewa jibu la kila mteja, hakuna aliyegusa kitu.

Nikaanzia Pasiansi. Server nzima, haina hata kikohozi. Nikavuka mji mpaka Buhongwa.

Pale nikamkuta mama amempakata binti yake mwenye selimundu. Maumivu yamempanda, analia kwa ile sauti ya mtoto aliyechoka kulia. Daktari ni mgeni pale kituoni. Mama anamwambia kuna sindano moja ilimvimbisha mtoto uso mara ya mwisho, akashindwa hata kupumua, ila jina lake halikumbuki.

Jina liko kwenye faili. Faili liko Pasiansi. Na daktari ananitazama mimi.

Niliogopa, sitaki kudanganya.

Nikaenda kwenye switch ya pale Buhongwa. Taa zote zinapepesa kwa pamoja, mfululizo, bila kupumua. Nikajua ni loop. Nikachomoa waya wa redio bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kidogo tu daktari akasema, "Limefunguka."

Akasoma. Halafu akairudisha kabatini sindano aliyokuwa ameshaitoa. Ilikuwa ni ile ile, wakuu.

Binti alipewa dawa nyingine, akatulia, mwisho akalala mapajani kwa mama yake. Mimi nikapanda bodaboda kwenda Butimba nikiwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Sikumtafuta mbali. Msimamizi wa pale ni Seif, mpwa wa Hajjat. Alikuwa ameutoa waya wa redio kwenye switch yangu na kuuchomeka kwenye kaswitch ka mapokezi, kale ka bei chee kasikojua kufunga wala kufungua. Akanipokea kwa tabasamu.

"Bro, ulisahau kuiwasha, nikakusaidia. Umeona taa zinavyocheza?"

Nikamuuliza mbona kwenye simu niliambiwa hakuna aliyegusa kitu. Akasema hakugusa, alisaidia.

Hajjat akatuita wote Pasiansi. Nikachora michoro, mishale, mpaka kalamu ikaisha wino. Seif akashikilia kwamba mbili ni bora kuliko moja, huyu fundi anajifanya mjuaji. Nilikaribia kukusanya vifaa vyangu niondoke.

Hajjat akamgeukia mpwa wake.

"Seif, kwetu msiba ukitokea anapigiwa nani? Mkubwa wa kila nyumba. Yeye anawaambia waliomo ndani mwake, hapigi nyumba nyingine. Asipopokea, ndiyo anapigiwa mdogo wake. Kila mtu akimpigia kila mtu, marehemu atakufa mara saba."

Hajjat akausogeza mchoro wangu mbele ya Seif.

"Wewe ndiye umempigia kila mtu. Na mtoto wa watu alikuwa anasubiri."

Yaani kumbe muda wote ule mama anaijua design yangu kuliko nilivyoijua mimi, inaitwa tu kwa jina jingine!

Nikaweka ulinzi ncha zote mbili: mlango wa waya kwenye switch ukisikia ujumbe wake wenyewe unarudi, unajifunga. Kaswitch ka mapokezi nimekabeba, kako kwangu, na sikarudishi.

Juzi barabara imechimbwa tena. Fibre chali. Hakuna zahanati iliyonipigia. Mchana nikapigiwa na Hajjat. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akauliza:

"Mdogo mtu kapokea simu leo?"

Nikamwambia kapokea.

"Alhamdulillahi. Mwambie Seif asimsaidie."

Somo nililopata: njia ya pili ina faida pale tu inapojua kunyamaza, na mwenye mali asipoelewa kwa nini imenyamaza, ataiamsha. Mweleze kwa lugha ya nyumbani kwake.

Mafundi wenzangu, leteni ya kwenu tupeane pole. Na nyie ambao huwa "hamjagusa kitu", karibuni pia. Hapa hakuna anayewajua, semeni mligusa nini.