Mama Mrefu Chini ya Paa la Kanisa

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze jambo ambalo nimewaeleza watu wengi wakiwa wamekaa kando yangu mbele ya kompyuta. Katika programu za kuchora unaweza kuiweka picha ndani ya umbo. Unachukua picha, unachora duara juu yake, unavichagua vyote viwili, kisha unaiambia programu iikate picha kwa duara hilo. Kilicho ndani ya duara kinaonekana, kilicho nje hakionekani. Hapo ndipo watu wanaposhtuka, wakidhani cha nje kimetupwa. Hakijatupwa. Ukichungulia uani kupitia tundu la mlango, kuku usiyemwona hajafa. Yuko pale pale, anakula.

Mfano huo wa kuku ulinijia mwaka ambao kazi ilikuwa chache sana Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, wachimbaji wa mikono walikuwa wamefukuzwa kwenye mgodi wa Mutoshi, na duka langu la kuchapa lilikuwa likiishi kwa jezi zao za mpira. Nilikuwa nawasha jenereta mteja anapoingia, si kabla. Ndipo siku moja wakaingia mama wa kwaya kutoka kanisa dogo la upande wa Musonoi, wote kwa pamoja, mpaka nikalazimika kutoa viti nje ili wapate pa kusimama.

Mtaa wao ulikuwa umekaribiana mno na shimo la mgodi. Waliambiwa wahame, na kanisa lingebomolewa. Wengi walikuwa wanapelekwa kwenye viwanja vipya ng'ambo ya mji. Walitaka kalikoti, yaani kile kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani, yenye umbo la kanisa lao, na ndani ya umbo hilo, mahali pa matofali, wawe wao wenyewe na vikwembe vyao, vitenge vya kwaya. Wangeitundika kwenye misa ya mwisho, kisha waibebe hadi kanisa jipya.

Picha walikuwa nayo tayari. Walikuwa wamesimama kama wanavyoimba: wafupi mbele, warefu nyuma, na katika kila mstari katikati ni ya walioingia kwaya kwanza. Wageni husimama pembeni, na mtu haruki nafasi. Mgeni kuliko wote alikuwa pia mrefu kuliko wote, kwa hiyo alisimama nyuma kabisa, mwishoni kabisa mwa mstari. Alikuwa mke wa fundi wa umeme, mzaliwa wa hapa hapa, wa familia yenye asili ya jimbo la Kasai. Alipokuwa mtoto wazazi wake walifukuzwa mjini pamoja na Wakasai wengine, wakiitwa wageni. Walilala stesheni wakingoja treni, wakaenda. Alirudi Kolwezi akiwa mtu mzima, kwa ndoa. Na sasa hakuwa anahamia viwanja vipya na wenzake. Mume wake alikuwa amepata kazi Lubumbashi, nao wangeondoka baada ya misa ile. Kwenye kwaya angebaki ndani ya kalikoti tu, kwingine hapana. Alinieleza hivyo mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni.

"Kwenda, mi najua," alisema. "Kubakia njo sijafundishwa. Uniweke muzuri, mwanangu."

Nilichora kanisa: kuta mbili, paa la pembe tatu, msalaba juu. Nikaliweka umbo juu ya picha, maana umbo linalokata lazima liwe juu, nikabonyeza. Kwaya ikaingia kanisani. Mama wakapiga vigelegele. Kila mmoja alijitafuta kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, nami nikawaomba wasikibonyeze sana.

Mama mrefu hakunyoosha kidole. Mteremko wa paa ulikuwa umepita juu ya bega la jirani yake, na yeye akabaki nje.

"Mi niko wapi?" aliuliza. Kisha akanitazama. "Hata mu kompita munanifukuza?"

Alisema kwa utani, lakini watu hawakujua wacheke au wanyamaze. Nikamletea kuku wangu na tundu la mlango. Nikafungua umbo, picha yote ikarudi, naye huyo, mzima, na kilemba chake. Alikubali kwamba yupo. Alichotaka ni kuonekana.

Nikaisogeza picha ndani ya umbo. Akatokea, lakini mama wa mwisho upande wa pili akatoweka, naye hakuwa mtu wa kutoweka kimya. Nikaipunguza picha ili wote watoshe, sura zikawa kama punje za maharage, na kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akasema hawakuja kulipia maharage. Mmoja akapendekeza nichore dirisha nimweke mama mrefu humo.

"Mi si mwizi wa kuchungulia mu dirisha ya Mungu," alisema.

Basi mlangoni, alisema mwingine. Akajibu kwamba mlangoni watu watauliza kama anaingia au anatolewa.

Nikawaonyesha kwamba paa lilikuwa refu katikati na fupi pembeni. Chini ya kilele kulikuwa na nafasi tupu, anga tu, juu ya vichwa vya mstari wa nyuma. Mtu mrefu angetosha pale bila kumfunika mwenzake. Wakamgeukia kiongozi, maana kila mmoja alijua katikati ni ya nani. Mama watatu walioanzisha kwaya walisimama pale, na kiongozi mbele yao. Mama mrefu mwenyewe ndiye aliyekataa wa kwanza. Alisema hawezi kuruka watu kwenye kitambaa wakati hajawahi kuwaruka kanisani.

Kiongozi aliinamia kioo.

"Muweke nyuma yangu," aliniambia. Kisha akamgeukia mama mrefu. "Ule anaenda mbali, tunamupatia katikati. Sisi tutabakia na nafasi ya kusimama kila siku ya Mungu. We utasimamia wapi?"

Waanzilishi wakaitikia. Mmoja wao akaongeza kwamba sharti ajifunze kuimba vizuri kabla ya misa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilinakili picha. Kwenye nakala nilichora mstari kuzunguka kilemba na mabega ya mama mrefu, nukta kwa nukta, nikaikata nakala kwa umbo hilo akabaki yeye peke yake. Nikamsogeza katikati, juu ya picha ya kwanza, nikaviunganisha viwili hivyo viwe kundi moja, kisha kundi lote nikalikata kwa umbo la kanisa. Umbo ndani ya umbo. La ndani linamshika yeye, la nje linawashika wote.

Kiongozi alikuwa amefuata kila hatua. Akauliza kama yule wa pembeni, wa picha ya kwanza, bado yuko chini ya mteremko wa paa. Nikamjibu kwamba yuko, amefichwa tu.

"Sasa eko babili," akawaambia wenzake. "Moja anaenda Lubumbashi, moja anabakia."

Hapo walicheka wote, na mama mrefu alicheka kuwapita, akijifuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Kalikoti ilitundikwa kwenye misa ya mwisho, na sasa iko kwenye kanisa jipya. Jua limeipausha, na kila wanaponiomba nichape nyingine naifungua faili ile ile. Siku moja kazi hii itafanywa na mtu mwingine, pengine wewe. Basi ukipewa faili ya watu, usifute kitu kwa sababu hukioni. Bonyeza picha, fungua umbo la nje, kisha fungua la ndani, tazama ni akina nani wamo humo, ndipo uanze kazi.