Corazon na Mguu Wake Mbovu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya maua ya Kula, kisiwani Maui. Perlita Agbayani hajagusa mkasi wake. Amesimama dirishani mwa banda la kufungia maua, amemnyooshea kidole kinyonga mchanga, anamsubiri apande.

"Leo utanishika, au unataka kuniaibisha mbele ya mwandishi huyu aliyekuja kukuona?" anamuuliza.

Kinyonga anazungusha jicho moja. Haraka hana, wala hajawahi kuwa nayo.

Perlita, mama wa Kiilokano, mwenye asili ya Ufilipino, aliyezeekea kwenye maua haya, ndiye aliyemuumiza, na hafichi. Hapa maua hukatwa jioni, yakafungwa mashada kwa mpira, yakalazwa kwenye chumba cha baridi. Kinyonga alikuwa ameng'ang'ania shina, rangi moja na majani, naye Perlita akamfunga humo humo. Asubuhi alikuta mpira umekata nyama ya mguu wa nyuma.

Clarence Medeiros, dereva wa shamba, akampa dawa ambayo kila mtoto wa Maui amekuzwa nayo: kidonda hupelekwa baharini. Basi Jumapili Perlita akateremka mlima hadi Kihei, kinyonga ndani ya bakuli la plastiki, akamchovya mguu kwenye maji ya chumvi. Masikini, mnyama wa milima ya mvua! Akageuka mweusi tii, na kesho yake mguu ukavimba maradufu.

"Nililia kama niliyezamisha mtoto," anasema.

Daktari wa wanyama hakumgombeza. Alimwambia aoshe kidonda kwa maji safi ya uvuguvugu, apake malhamu isiyo na dawa ya ganzi, aachane na kizimba cha waya kinachonasa kucha, amwekee vijiti vyembamba. Ncha ya kidole kimoja ingekufa na kuanguka yenyewe. Hilo si neno. Ila mguu usiposhika tena, alionya, mnyama huyu hataishi, maana kinyonga asiyeweza kushika tawi ni wa kuanguka tu.

Jina alikuwa ameshampa: Corazon, la marehemu mama yake. Kinyonga hakuwa na pembe, na majike wa aina hii hawaoti, basi akamdhania jike. Clarence alimwambia asiwe na pupa, hata dume huanza na uso mtupu. Angoje, atazame puani na juu ya macho. Sasa vimechomoza vipele vitatu, kama punje za mchele, na shina la mkia limenenepa. Corazon ni dume.

"Anti, mama yako ameota pembe," Clarence anamtania kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe, daktari wa bahari. Mama alikuwa nazo siku zote, ni vile tu hukumjua."

Jina halibadiliki. Mwakani Perlita anastaafu, na anachoomba ni kuondoka na Corazon, amwone akipanda mwenyewe mlimau ulioko barazani kwake.

Kawia ufike. Mguu wa mbele unatangulia kidoleni, wa pili unafuata. Ule mbovu unaning'inia hewani, unatetemeka, kisha unajifumba.

Perlita anakunja uso.

"Ananifinya," anasema, machozi yakimlengalenga. "Ananifinya kweli kweli."

Maua yanamsubiri mezani, lakini hamtoi.